Yule Mkorea Anasema Maneno Yangu

Jumatatu, 13 Januari 2025

Korosho zilizotoka nzima leo asilimia sitini na nne. Ijumaa zilikuwa sabini na nane. Nimerudia hesabu nikidhani mzani umeharibika. Mzani mzima. Wabovu ni watu.

Sababu nimeiona kwa macho yangu saa ya chakula, ambayo ilishapita. Wabanguaji wangu wote ishirini na wawili wamejazana nyuma ya jiko la mvuke, simu ya Shakila imeegemezwa kwenye debe, kila shingo imepinda kama ya bata anayetazama kipanga. Muvi ya Kikorea! Inaitwa Penzi la Ghorofa ya Tisa. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wanamlilia mwanamume wa Seoul aliyebeba faili.

Nikauliza inahusu nini. Shakila akanieleza, mikono bado myeusi kwa mafuta ya ganda: kuna bosi mwanamke, Madamu Chuma, na kuna karani wake, Katibu Mpole. Wanapendana ila hawaambiani. Episodi hamsini.

Nikasema, hawaambiani kwa episodi hamsini? Mimi ningewafukuza wote wawili kwenye ya kwanza.

Hakuna aliyecheka. Wakatazamana wao kwa wao. Sijui kwa nini.

Na Selestini alikuwepo — msimamizi wangu mwenyewe — amesimama nyuma kabisa. Nimemwita ofisini. Akasimama mlangoni kama siku zote, maana ofisi yangu ina kiti kimoja, kwa makusudi. Kiti cha pili huleta maongezi. Nikamwuliza, hata wewe? Akasema alikuwa anahesabu watu. Miaka saba tuko naye hapa, na huu ndio uongo wake wa kwanza. Hata kudanganya kwenyewe hajui. Masikio yalimcheza.


Jumatano, 15 Januari

Nilipiga marufuku muvi bandani tangu jana asubuhi. Nikadhani nimemaliza.

Nzima leo: sitini na moja. Zimeshuka! Hawaangalii muvi, wanaiongea. Huyu anasema Katibu ataondoka, yule anasema haondoki, na mashine ya mkono inashuka popote, punje inapasuka vipande vinne. Na aliyepasua hana habari, yuko Seoul.

Selestini kashauri niwape nusu saa ya chakula waangalie, halafu wakirudi kazini iwe kazi. Nikamwambia hapa si ukumbi wa harusi. Akajibu taratibu kwamba hapa ni banda la asilimia sitini na moja.

Nimekubali. Si kwamba nimeshindwa. Nimewekeza.


Alhamisi, 16 Januari

Sabini na sita. Basi.


Jumamosi, 18 Januari

Adui lazima umjue. Nimemwambia Shakila aniwekee zile za mwanzo kwenye flashi. Nimeziangalia nyumbani huku napiga pasi, nisije nikasema nimepoteza muda.

Upuuzi. Kwanza jengo lina watu mia tatu na hakuna anayetokwa jasho. Pili, mtafsiri ni mmoja, Ashiru wa Masasi, anajitaja kila mara kama mnadi samaki. Anaongea yeye sauti zote. Zikifika za wanawake anabana pua. Katikati ya harusi kubwa ya matajiri unasikia jogoo.

Lakini Madamu Chuma. Kaingia kwenye mkutano na viatu virefu, kakamata rundo la karatasi, kalitupa mezani, akasema: "Hivi ni vipande. Mimi niliomba nzima."

Nilibaki na pasi hewani. Nimeunguza kola ya gauni la kanisani. Hatimaye mtu mwenye akili kwenye runinga!


Jumapili, 19 Januari

Nimetoka misa ya kwanza, nimefika nyumbani, nimeangalia nyingine. Na nyingine. Nimefika ishirini na saba. Ugali nimeusonga saa kumi.

Kumbe bosi ni bosi, awe Newala awe Seoul. Mfanyakazi kachelewa, kalowa, anasingizia hali ya hewa. Madamu Chuma akamwambia, mvua si ruhusa. Mimi husema hivyohivyo! Neno kwa neno! Wenye akili njia yao moja.

Yule Katibu Mpole simpendi. Mwanamume gani anamshikia mtu mwavuli kutoka mlangoni hadi kwenye gari, asiseme kitu. Mdomo una kufuli? (Selestini naye alinishikia mwavuli mwezi wa kumi na moja. Lakini ule ulikuwa mwavuli wa ofisi, na mimi nilikuwa nimebeba sampuli.)

Tena mwongo. Kwenye ya ishirini na saba, Madamu ameshaondoka, yeye amebaki na mlinzi kwenye lifti, anamwambia: "Mshahara ungekuwa sababu, ningeondoka mwaka wa pili. Miaka yote hii nasimama mlangoni kwake. Siku atakayoweka kiti cha pili, nitajua." Na nyuma yake, kwenye picha, kuna viti vinane vya kuzunguka! Nimesimamisha picha nikahesabu. Mtafsiri mzembe.


Jumanne, 21 Januari

Leo nimewasifu. Nimesimama katikati ya banda nikawaambia kwamba nimeiangalia hiyo muvi yenu, na yule Madamu Chuma ni mfano wa kuigwa. Muigeni.

Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akainama kutafuta kitu chini ambacho hakikuwepo. Halafu Stamili, ambaye ndiye mbanguaji wangu wa kasi kuliko wote na ni mtani wangu (ukoo wao na ukoo wetu wanataniana tangu mababu, kwa hiyo mdomo wake hauna breki na mimi sina ruhusa ya kukasirika), akasema, "Tutaiga, bosi. Tukiiga sana utajiona."

Banda zima likaanguka kucheka. Mtu kaegemea beseni, korosho chini. Sijaona cha kuchekesha hapo.

Wanaiga kweli. Mchana wameanza kuniinamia. Kila anayeleta beseni kupima analileta kwa mikono miwili, kichwa chini, kama anatoa sadaka. Foleni ya mzani imekuwa ndefu mara mbili. Selestini naye kaleta taarifa ya jioni, kainama. Nikamwambia aache ujinga. Lakini nimeona ana upara unaanza utosini, mdogo, kama shilingi. Miaka saba sikuwahi kuuona. Ni mrefu.


Alhamisi, 23 Januari

Selestini amepata kazi Masasi. Kiwanda kipya kile, kikubwa, cha mashine. Anatakiwa aanze mwezi wa pili, tarehe nne. Ataondoka Jumatatu ya tarehe tatu. Kutoka huko Lukuledi kwao ni karibu, ataweza kumwangalia mama yake. Ameyasema yote haya akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Nimemwambia sawa. Funguo amwachie mlinzi.

Akangoja kidogo. Nikafungua kitabu cha mauzo. Akaondoka.

Nzima: sabini na tisa. Rekodi ya banda. Nimeiandika ubaoni. Hakuna aliyeshangilia, hata mimi.


Ijumaa, 24 Januari

Nimeumbuliwa! Nimeumbuliwa na Wakorea!

Niko nyumbani, episodi ya thelathini na moja. Madamu Chuma amekaa kwenye sofa la ngozi, dirishani theluji inaanguka, Katibu amesimama. Muziki wa huzuni. Madamu anafuta chozi, na kwa pua ya Ashiru anasema: "Mimi nilianza na sufuria moja ya marehemu mama, na korosho za kuokota Lupaso."

Lupaso!

Nimerudisha nyuma mara nne. Lupaso. Sufuria ya marehemu mama. Mkorea gani ameokota korosho Lupaso? Mimi ndiye niliyeokota korosho Lupaso! Mimi ndiye niliyeuza visheti na korosho za kukaanga kituo cha mabasi, na Upendo mgongoni na baba yake kaburini, mpaka nikafika hapa Newala nikawa na banda na mzani na watu ishirini na wawili. Hadithi hiyo nimeisimulia mara moja tu, bandani, siku tulipopata mzigo wa kwanza wa kwenda nje.

Nikampigia Upendo chuoni Mtwara. Akasema hiyo muvi anaijua, ameiona yenyewe, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Kumbe yule mama anatengeneza krimu za uso. Na pale kwenye sofa anamlilia mbwa wake aliyekufa. Nikamsomea yanayosemwa huku kwetu. Akacheka mpaka simu ikaanguka. Nikasikia anawaita wenzake waje wasikie.

Nikamwuliza, kwa hiyo "vipande na nzima" hakuna? Hakuna, mama. "Mvua si ruhusa"? Hakuna, mama.

Mfano wa kuigwa, nilisema. Mbele ya watu wote.


Jumamosi, 25 Januari

Nimekwenda Masasi kumtoa mtu meno.

Nyumba ya Ashiru haikunipa shida, kila mtu anaijua. Chumba kimoja, magodoro yamepigiliwa ukutani, maikrofoni imevalishwa soksi. Nje, jogoo. Na ndani, kwenye ndoo iliyogeuzwa, nani amekaa? Stamili! Mbanguaji wangu! Kumbe huyu Ashiru ni kaka yake, na kila Jumamosi anayosema anakwenda kumsalimia mama, anakuja hapa kuniuza.

Ashiru ni kijana mwembamba, adabu nyingi. Akanipa shikamoo. Nikamwitikia marahaba, halafu nikamwuliza nani amempa ruhusa ya mdomo wangu.

Akajieleza bila aibu hata kidogo. Kikorea hakijui. Hajawahi kukijua. Anatazama sura: mtu akikunja uso anampa maneno ya kukunja uso. Mapenzi anayaweza, ugomvi anauweza, misiba anaiweza. Lakini hii muvi ni ya ofisini, na yeye ofisi hajawahi kuingia, isipokuwa ya kijiji kufuata barua. Bosi husema nini kwa watu wake? Akamwuliza dada yake. Na dada yake maishani amekuwa na bosi mmoja tu.

Nikasema nakwenda kwa mtendaji wa kata sasa hivi.

"Mama Upendo," akasema, "mimi ni mtani wako. Mtendaji atacheka kabla hujapata pa kukaa."

Na ni kweli! Hapo ndipo ninapoumia. Mtani anaweza kukubebea jeneza halafu akalitua njiani akadai soda, na wewe unatoa soda na kusema asante. Nitamshtaki kwa lipi? Kwamba kanitania? Hilo baraza lingekuwa sherehe. Stamili naye akaongeza kwamba nishukuru, Mkunya na Lukuledi watu wanampenda sana Madamu Chuma, kuna mtoto amepewa jina. Nikasema jina gani. Akasema Chuma.

Nikasimama niondoke. Mlangoni nikageuka. Niliuliza kwa kukomoa tu. Na huyo Katibu Mpole, maneno yake mnayatoa wapi, kwenye soksi?

Ashiru akamtazama dada yake. Stamili kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa utani. Akasema polepole:

"Yake pia ni ya kuletewa, bosi. Mengine ni ya jikoni, ukiwa umeshaondoka."

Sikumbuki nilivyofika stendi.


Jumapili, 26 Januari

Misani padri ameongea sana. Sijui nini.

Viti vinane kwenye picha. Lakini Katibu alisema kiti cha pili bado hakijawekwa. Ofisi yenye kiti kimoja ni yangu. Mtafsiri hakuwa mzembe.


Jumatatu, 27 Januari

Nimefikiri kibiashara. Kuna njia ya kupeleka maneno. Inatoka bandani, inapita kwa Stamili, inafika Masasi, inaingia kwa Madamu Chuma, inarudi bandani kwenye simu ya Shakila, na Selestini anasimama nyuma kabisa anasikia. Njia ndefu, lakini ipo na inafanya kazi. Kwa nini nisiitumie?

Maana kumwambia usoni siwezi. Nikimwambia baki, nasema kama nani? Kama bosi, atadhani nahofia asilimia zangu, na atakuwa na haki, nazihofia. Kama mwanamke, sijui jinsi inavyosemwa. Posa ina njia yake: mshenga, wajomba, maneno ya kuzunguka. Na njia yenyewe huanzia upande wa mwanamume. Mwanamume mwenyewe ana kufuli.

Basi nimekaa leo kwenye mashine karibu na Stamili, nikabangua. Miaka mitano sijabangua. Nimesahau kupaka majivu, mafuta ya ganda yameniunguza vidole viwili. Nikasema, kama naongea na korosho: msimamizi mzuri hapatikani hovyo.

Stamili hakuinua kichwa. Akauliza, hiyo aipeleke kama ilivyo au aipunguze makali?

Nikasema aipeleke.

Baada ya dakika moja akaniambia, kwa sauti ya chini, si ya utani: "Bosi, mtani anabeba maneno. Moyo habebi." Nikamwambia aangalie kazi yake.


Alhamisi, 30 Januari

Imefika ya arobaini na sita. Kumbe jana Stamili hakuwa na tumbo la kuendesha, alikwenda Masasi. Sikumkata siku.

Nimesimama nao nyuma ya jiko, sina aibu tena. Madamu Chuma yuko juu ya paa la jengo. Upepo. Machozi yanamtoka yule mwanamke wa Kikorea kama bomba la maji siku yanapotoka, midomo inatetemeka, anamtazama Katibu Mpole, anafungua mdomo, na kwa pua ya Ashiru anasema:

"Msimamizi mzuri hapatikani hovyo."

Banda zima liliguna. Shakila akasema hilo ni tangazo la kazi. Mama mmoja akaomba simu izimwe, hawezi kuendelea kumwona Katibu anaonewa. Wale waliokuwa upande wa Madamu tangu mwanzo wamehama, wote, leo hii, kwa sentensi moja.

Selestini alitazama. Halafu akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Maoni yangu kuhusu muvi hii: mbaya sana. Madamu Chuma ni mjinga. Mwanaume yuko hapo mbele yake, upepo unavuma, paa zima ni lao, yeye anataja cheo chake! Sijawahi kuona mwanamke mjinga namna hii. Na Katibu Mpole nimemwonea. Hana kufuli. Amesema yote, tena mapema. Walimweka tu aseme kwa mlinzi.


Jumamosi, 1 Februari

Nimekwenda kwa fundi Halfani, yule seremala wa nyuma ya soko. Nataka kiti. Akaniambia viti vya plastiki viko dukani, kwa nini nisubiri. Nikamwambia kiti cha plastiki ni cha msibani, cha kukaa na kuondoka. Nataka cha mbao, chenye mikono.

Akauliza kiwe na kimo gani. Nikasema sawa na changu. Akauliza anayekikalia ni mnene? Nikasema ni mrefu. Akauliza ni mgeni? Nikamwambia apime mbao.

Jumatatu asubuhi, saa mbili. Ameapa kwa mama yake.

Stamili alikuja kuaga kabla ya kwenda Masasi. Leo wanamalizia ya hamsini. Akasimama mlangoni, akangoja nimpe neno la Madamu la mwisho. Nikatafuta. Nilikuwa na "asante kwa utumishi wako". Nilikuwa na "mlango uko wazi". Nikaona lile paa tena. Nikamwambia safari hii sina.

Akasema Katibu ameshampa la kwake.

Sikuuliza ni lipi. Nimeuliza asilimia ya nzima. Sabini na mbili.


Jumapili, 2 Februari

Mvua. Halfani hapokei simu.


Jumatatu, 3 Februari

Saa mbili — kiti hakijafika. 

Saa mbili na nusu — hakijafika. Selestini yuko bandani anamwonyesha mwenzake valvu za jiko. Amevaa suruali ya safari, kijivu, ina mkunjo wa pasi. Begi lake liko kwa mlinzi. Gari lake la Masasi ni la saa nne.

Saa tatu na robo — kimefika! Halfani kakibeba kichwani na nailoni juu. Kizuri. Mikono imelala vizuri. Nikakigusa, kidole kikanasa. Vanishi mbichi! Amepaka asubuhi hii, anasema mvua ya jana ndiyo iliyomchelewesha. Nikamwambia mvua si ruhusa. Akacheka, akasema hata Madamu Chuma husema hivyo. Nikamfukuza.

Nimekiweka mbele ya meza. Ofisi imejaa. Sikujua ni ndogo hivi.

Sasa saa tatu na nusu na ushee, na naandika huku nikijifanya napiga hesabu, maana mambo yamekuja yote pamoja.

Simu iko mezani, spika imewashwa kwa sababu vidole vyangu vina vanishi na malengelenge. Ni Ashiru. Amemaliza episodi ya hamsini yote isipokuwa sehemu moja. Anasema Katibu yuko kwenye lifti na sanduku. Ameshauliza swali lake. Madamu amefungua mdomo, na Ashiru hana neno la kumpa. Stamili alikuja na mikono mitupu. Watu wa Lukuledi wameshapiga simu mara tatu. Anajibu nini, mama?

Nikamwuliza, kwani Katibu ameuliza nini?

Kabla hajajibu mlango ukagongwa. Selestini. Hakumwachia mlinzi funguo, kazileta mwenyewe, kwa mikono miwili. Kasimama palepale anaposimama siku zote. Halafu akakiona.

Alikitazama sana. Maji ya mvua yanamdondoka kwenye kofia. Halafu akauliza, na kwenye simu Ashiru naye, bila kujua, akaanza kunisomea swali la Katibu, sauti mbili kwa pamoja, moja ya mlangoni na moja ya kwenye soksi:

"Hiki kiti ni cha nani?"

Ndilo neno alilompa Stamili Jumamosi, kabla ya kiti kuwepo. Selestini akaitazama simu. Masikio yakamcheza.

Nimemwambia vanishi haijakauka.

Amesema anaona.

Nimemwambia itamnasa.

Amevua kofia. Amekivuta kidogo, kimelia sakafuni. Amekaa. Na ile suruali! Amekaa mzima mzima, ameegemea, na mikono ameilaza juu ya mikono ya kiti. Nimesikia mbao ikimshika.

Nje hakuna mashine inayolia. Watu ishirini na wawili na hakuna korosho inayopasuka, na dirishani kuna vivuli ambavyo si vya miti. Dereva wa gari la saa nne anapiga honi huko barabarani. Ashiru anasema, haloo, mama, mdomo wa Madamu bado uko wazi, nitie nini?

Sijainua kichwa. Ninaandika tarakimu moja tu, ya miaka yake mlangoni. Saba. Saba. Saba. Saba.

Selestini anauliza, taratibu, jumla ni ngapi.